Tarumbeta la Mgane, Kiwalani

Wasikilizaji wapendwa, kaeni. Aliyesimama na akae, anayepika apunguze moto. Jioni hii kipindi chetu cha kumbukumbu kina jina moja tu. Gibson Mwakatundu. Mzee Gibson Mwakatundu wa Kiwalani, mpiga tarumbeta wa watu wa Itebela, amefariki dunia.

Nalirudia kwa sababu mdomo wangu haujalizoea. Mzee Gibson amefariki. Na asubuhi aliyofariki, watu wake wote walibeba mikeka wakaenda kumlilia mtu mwingine.

Mtaniuliza inawezekanaje. Hata mimi niliuliza. Mimi naishi Kiwalani, nyumba ya nne kutoka kwake, na asubuhi ile nililisikia tarumbeta kwa masikio yangu. Nikasema moyoni, Mzee Gibson huyo, kuna mtu wa kwao kafa. Nikajifunika shuka. Kwa hiyo ninayoyasimulia hapa siyasimulii kama mtu aliyekuwa na akili kuliko wengine.

Lakini kwanza Itebela. Bila Itebela hamtaelewa kitu.

Itebela ni mji mdogo, juu kule Rungwe. Unauacha mji wa Tukuyu, unapanda, migomba huku na huku, chai huku na huku, ukungu unaingia mpaka ndani ya gari. Halafu unaona kanisa la mawe. Unaona nyumba za matofali zenye dohani, maana kule baridi si mchezo. Unaona karakana ya useremala, na zahanati yenye ukumbi mrefu. Vyote hivyo vilianzishwa na wamisionari wa Kijerumani, zamani za mababu. Na pamoja na Biblia na misumeno, wamisionari wale walikuja na matarumbeta, ndani ya makasha ya mbao.

Wasikilizaji wapendwa, makasha yale hayakupaa. Yalipanda mlima juu ya vichwa vya watu wa Itebela. Nalisema hili kwa sauti kubwa kwa sababu kuna watu wakisimulia habari za misheni, wanasimulia kana kwamba vitu vilishuka mawinguni. Wamisionari walikuja, wakaondoka. Matarumbeta yakabaki. Na yasingelia hata siku moja kama watu weusi wa mji ule wasingeyatia pumzi zao.

Sasa sikilizeni desturi yao. Itebela mtu akifa, halitangazwi jina. Mpigaji anapanda kilimani alfajiri, anapiga wimbo. Mtoto ana wimbo wake. Mwenye mwenzi aliye hai ana wake. Mjane ana wake. Na mgane, yaani mwanamume aliyetanguliwa na mkewe, naye ana wake. Wimbo wa mgane unaanzia chini kabisa, karibu na ardhi, halafu unapanda taratibu. Wazee wanasema ni mume anapanda kumfuata mkewe aliyekwisha kufika.

Ukisikia, unajua amekufa mtu wa namna gani. Unajua nani alikuwa mgonjwa. Unachukua mkeka unakwenda. Jina la marehemu linatamkwa mara ya kwanza pale msibani, watu wakishaketi. Kabla ya hapo kulitaja ni kumfukuza marehemu. Ndivyo wanavyoamini, na ndivyo wanavyofanya.

Gibson alizaliwa huko. Alijifunza useremala kwenye karakana ya misheni, na tarumbeta alijifunza kwa wazee wa kilimani. Akaja Dar es Salaam. Milango mingi ya Kiwalani na Vingunguti ni kazi ya mikono yake, na mmojawapo ni mlango wa chumba changu. Kule Itebela vijana walihama, kundi la tarumbeta likavunjika, vyombo vikafungiwa stoo ya kanisa. Tarumbeta moja likabaki linalia. Lilikuwa Kiwalani, kwa Gibson.

Akifa mtu wa Itebela hapa mjini, Gibson anapigiwa simu. Alfajiri anatoka uani, anapiga. Anajirekodi kwa simu yake, anatuma kwenye kundi la WhatsApp la Wana-Itebela. Sauti tupu, bila jina. Kuanzia Tabata mpaka Mbweni watu wanasikiliza, wanajua, wanaondoka.

Jirani yake, Bi Mwanaidi, anauza vitumbua mlangoni pake. Aliniambia hivi:

"Alikuwaga hapigi mpaka adhana iishe. Adhana ikiisha, anasubiri ndege ipite. Ndege ikipita, anasubiri yule kichaa wa singeli azime spika. Nikamwambia, mzee, wewe unamsubiri kila mtu. Akanijibu, Mwanaidi, marehemu hana haraka."

Huyo ndiye Gibson. Mtu wa utani. Mpole, lakini mbishi.

Mkewe aliitwa Anna. Anna alipofariki, Gibson alimpigia mwenyewe. Wazee walimkataza, wakamwambia mfiwa hapigi. Akauliza, basi nipeni mwingine anayejua. Hakuwepo. Akapiga. Alipofika mstari wa tatu, pumzi ikakatika. Kimya. Watu wakafikiri ameshindwa. Akavuta hewa, akaendelea mpaka mwisho.

Tangu siku ile, wasikilizaji wapendwa, kila wimbo aliopiga Gibson ulikatika mstari wa tatu. Mahali palepale. Kama mlango unaokwama pahala pamoja. Watu wa Itebela walikuja kuujua mkato ule kama unavyojua kikohozi cha baba yako. Ukisikia mkato, unasema, huyu ni Gibson.

Shikeni hilo. Ndilo lililotupoteza wote.

Gibson alikuwa na binti, kitindamimba, Tupokigwe. Ni karani kwenye ofisi ya mizigo karibu na uwanja wa ndege. Na desturi ya Itebela ilikuwa wazi: mwanamke haguswi na tarumbeta, wala tarumbeta haliguswi na mwanamke. Wamisionari waliwafundisha wavulana tu, na mabinti wakabaki kuimba.

Gibson akamfundisha binti yake jikoni.

Walifunga dirisha. Walijaza kanga ndani ya tarumbeta ili sauti isitoke. Tupokigwe alinieleza, huku akicheka na kulia kwa pamoja:

"Nilimwambia, baba, wazee watasema. Akaniambia, wazee gani? Asajile? Asajile akipuliza chai ipoe, kizunguzungu. Nikamwambia, sasa si umfundishe hata Mzee Stanley, rafiki yako? Akasema, Stanley hana meno ya mbele. Tarumbeta linataka meno."

Mzee Asajile ni mwenyekiti wa Wana-Itebela hapa Dar. Mzee Stanley Mwaipasi anakaa Tabata, na alikuwa rafiki wa Gibson tangu utoto. Mzee Stanley naye ni mgane. Kati ya watu wa Itebela wanaoishi mji huu, wagane ni wawili tu. Gibson na Stanley. Shikeni na hilo pia.

Sasa asubuhi yenyewe.

Mzee Gibson hakuwa mgonjwa. Wiki ile ile alikuwa amepachika fremu ya dirisha, akamkemea fundi mwenzake kwa kupindisha msumari. Asubuhi aliamka, akamwomba binti yake maji ya moto ya kuoga. Akakaa kwenye kigoda uani kuyasubiri. Tupokigwe alipotoka na ndoo, baba yake alikuwa ameegemea ukuta. Alimwita. Akamwita tena. Bi Mwanaidi akaja mbio na mikono yenye unga. Daktari wa zahanati ya mtaani alipofika alisema ni moyo. Umesimama.

Ndoo ya maji ilikuwa bado inatoa mvuke.

Wakamlaza ndani. Halafu Tupokigwe akafanya alichofundishwa. Akalitoa tarumbeta kabatini, akatoa kanga iliyokuwemo ndani. Akasubiri ndege ipite. Akapiga wimbo wa mgane. Kuanzia chini, kupanda. Mstari wa tatu akakata, kama alivyofundishwa, maana aliamini wimbo uko hivyo. Akarekodi kwa simu ya baba yake. Akatuma kwenye kundi kwa namba ya baba yake. Bila jina.

Halafu akatandika mikeka. Akapanga viti. Akasubiri watu.

Hakuja mtu.

Wasikilizaji wapendwa, hebu uoneni uwanja ule. Mikeka imetandikwa. Viti vimepangwa. Ndani kuna baba. Jua linapanda, na mlangoni hakuna hodi. Bi Mwanaidi peke yake amekaa naye, ameombwa asimtaje marehemu mpaka wenyewe waje, vitumbua vimeungua, hakuna anayejali. Sisi majirani tunapita nje kwenda kazini, tunadhani mzee anajitayarisha kwenda msibani kwa watu wake. Tupokigwe aliniambia: "Nilifikiri wamejua aliyepiga ni mimi. Nilifikiri wamenisusa. Nikasema, baba nimekuharibia."

Na wakati ule watu walikuwa wapi? Walikuwa Tabata.

Kila mtu wa Itebela alisikiliza ile sauti, kila mtu akapiga hesabu moja. Wimbo ni wa mgane. Wagane ni wawili. Aliyepiga ni Gibson, maana namba ni yake na mkato ni wake. Anayepiga tarumbeta hawezi kuwa marehemu. Basi aliyekufa ni Stanley.

Walifika kwa Mzee Stanley na kirikuu, kile kigari cha mizigo, kimejaa masufuria, mikeka na kuni. Mbele yupo Mama Loveness, mweka hazina wao, mwanamke wa sauti. Alianza kulia tangu barabarani. Akasukuma geti.

Mzee Stanley alikuwa amesimama bombani, singlendi na kikoi, anapiga mswaki meno yaliyobaki.

Mama Loveness akanyamaza. Wa nyuma yake wakaendelea kulia, maana hawajaona.

"Shikamoo baba," akasema.

"Marahaba. Mnamlilia nani?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Si umekufa?"

"Nimekufa nina mswaki mdomoni?"

Watu wengine wakaanza kucheka. Mama Loveness mwenyewe alicheka, akakaa chini kwenye saruji akicheka, anajipepea na kanga. Mtu akasema, Gibson leo kakosea wimbo, uzee huo. Mwingine akasema, afadhali, tutakula pilau ya kufufuka.

Mzee Stanley hakucheka. Alisukutua, akatema. Akasema, nileteeni hiyo sauti. Wakamwekea simu sikioni. Akaisikiliza mpaka mwisho. Mstari wa tatu ulipokatika, akafumba macho.

"Gibson hakosei wimbo," akasema. "Mie niko hapa. Basi ni nani aliyebaki?"

Mama Loveness aliniambia kwamba hapo kicheko kilikatika kama umeme. Hakuna aliyetaja jina. Wote walikuwa wanalijua. Wakampandisha mzee kirikuu na kikoi chake, wakaja Kiwalani.

Ilikuwa karibu na adhuhuri. Tupokigwe alipowaona wanaingia, wa kwanza akiwa Mzee Stanley asiye na viatu, alisimama. Wakaketi mikekani, na mzee akauliza swali ambalo desturi inataka liulizwe.

"Tumesikia. Tumeketi. Tumpe pole nani, na kwa ajili ya nani?"

"Gibson Mwakatundu," binti akajibu. "Baba yangu."

Ndipo kilio kikalipuka. Mimi nilikuwa kazini, nikapigiwa simu. Nilikataa. Nilimwambia aliyenipigia, acha uongo, mzee yule amepiga tarumbeta asubuhi nimemsikia. Tulibishana. Ndivyo mshtuko ulivyo. Unabishana na habari kana kwamba ukishinda ubishi, mtu atarudi.

Usiku wa siku ile niliandika ubeti mmoja. Uchukueni kama ulivyo.

Tarumbeta Kiwalani, asubuhi limelia,
Twaulizana ni nani, njia ametangulia,
Kumbe yumo uwanjani, mpigaji katulia,
Bintiye yu mlangoni, pumzi kashikilia.

Sasa sikilizeni kilichofuata, maana msiba haukuishia kwenye machozi.

Gibson alitaka azikwe Itebela, pembeni ya Anna. Na kwenye makaburi ya misheni ya Itebela kuna lango la mawe. Jeneza la mtu aliyefia mbali likifika, linawekwa chini. Halivuki mpaka tarumbeta limepigwa. Gibson ndiye aliyewapigia wenzake wote, alfajiri na pale langoni. Je, yeye angepita na nini? Hilo ndilo lililokuwa mezani. Mtu aliyewasindikiza wote, nani atamsindikiza?

Jioni, Mzee Asajile, mwenyekiti, alisimama msibani. Alikuwa ameumia, sisemi hakuumia. Akasema alichofanya binti ni kuvunja desturi, na ndiyo maana watu walipotea wakaenda Tabata. Akasema tarumbeta la Itebela halijawahi kupigwa na mwanamke. Akapendekeza langoni iwekwe spika, ipigwe sauti ya Gibson ya zamani iliyomo kwenye simu.

Tupokigwe akauliza, taratibu kabisa: "Mzee wangu, yaani baba ajipokee mwenyewe?"

Wanaume waliangalia chini. Mimi si wa kwao, nikauma ulimi.

Ndipo akainuka Mzee Stanley. Bado na kikoi kile, kaazimwa shati la marehemu.

"Leo asubuhi mmenililia," akasema. "Kwa hiyo mie nimeshakufa nusu. Mtu aliyekufa nusu anasikilizwa."

Watu wakaguna.

"Asajile, wewe ulisikia sauti ile?"

"Niliisikia."

"Ukasema nani kapiga?"

"Gibson."

"Ukaapa?"

"Niliapa."

"Masikio yako yalimkubali asubuhi. Mdomo wako unamkataaje jioni? Kilichobadilika ni nini, sauti au sketi?"

Wanawake wa upande wa jiko walipiga vigelegele, msibani, wakajiziba midomo. Mzee Asajile alikaa. Baadaye akasema, kwa sauti ndogo: "Basi apige. Lakini apige sawasawa. Ule mkato autoe. Wimbo wa wazee hauna mkato."

Tupokigwe akashangaa. "Mkato gani?"

Hakujua. Wasikilizaji wapendwa, binti yule hakujua. Alimzika mama yake akiwa mdogo, hakuyakumbuka ya siku ile. Alijifunza wimbo kutoka kwa baba yake na ukimya wake ndani, akadhani na ukimya ni wimbo. Mzee Stanley alimweleza njiani, ndani ya basi, walipokuwa wanapanda milima ya Kitonga na jeneza likiwa nyuma. Akamweleza mstari wa tatu, na Anna, na pumzi iliyokatika. Mzee aliniambia binti hakulia. Aliangalia nje mpaka Mbeya.

Itebela walipokelewa na mvua. Jeneza likawekwa chini kwenye lango la mawe. Mji mzima ulikuwepo, na vijana wengi kati yao hawakuwahi kusikia tarumbeta la alfajiri kilimani. Kule siku hizi misiba inatangazwa kwa spika iliyofungwa kwenye bodaboda. Mzee Asajile alisimama karibu, mikono nyuma. Tupokigwe akafuta mdomo wa tarumbeta kwa kanga ileile ya jikoni.

Akaanza chini kabisa. Akapanda. Mstari wa kwanza, wa pili. Akafika wa tatu.

Mbele ya umati alikuwepo Shangazi Bupe, dada mkubwa wa Gibson. Macho yake hayaoni tena. Alikuwa ameshikwa mkono. Mstari wa tatu ulipofika, alisogeza uso kuelekea sauti inakotoka, kama mtu aliyesikia hatua anazozijua.

Alichofanya Tupokigwe pale langoni mtakisikia wenyewe. Mzee Stanley alirekodi, na familia imeturuhusu.

Kabla ya hapo, kwa niaba ya kituo hiki na watu wote wa Kiwalani, natoa pole. Pole, dada Tupokigwe. Pole, Shangazi Bupe. Pole, Mzee Stanley, uliyeliliwa ukabaki. Pole, Mzee Asajile, maana nawe umepoteza. Pole, watu wa Itebela, mlioko kule kwenye ukungu na mlioko huku kwenye vumbi.

Na sisi wengine tujiulize. Kila mmoja ana kitu alichokipokea kwa pumzi ya mtu mwingine. Umemfundisha nani? Au umemfungia dirisha kwa sababu ni binti, kwa sababu ni wa kuja, kwa sababu wazee watasema? Mzee Gibson naye alifunga dirisha. Lakini ndani ya dirisha lile alifundisha.

Fundi mitambo, tayarisha. Wasikilizaji wapendwa, mtakayosikia ni langoni Itebela, mvua inanyesha. Mstari wa tatu, sauti itakatika. Msiguse redio zenu, hazijaharibika. Subirini tu. Baada ya ukimya mtamsikia Shangazi Bupe anasema neno moja, jina la mdogo wake, halafu tarumbeta linaendelea kupanda.

Achia.